Kengele ya Mizani za Lalago

Kabula hakuitikia salamu yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake sokoni Lamadi, upande wa dagaa wakavu, na nilikuwa nimemtambua kabla hajageuka, kwa namna alivyopanga mafungu yake: kila fungu sawasawa na jirani yake, kama mtu anayetegemea kukaguliwa. Nikasema, "Mwadila, Kabula." Akaendelea kupanga. Mwanamke wa meza ya pili akamwambia kuna mteja anamsalimia, naye akajibu bila kuinua macho kwamba huyu si mteja, huyu alikuwa mpangaji wa kwetu. Ndivyo tulivyokutana baada ya miaka zaidi ya ishirini. Aliponitazama hatimaye, aliniambia kwamba baba yake, Mzee Ndaki, amefariki, wameshamzika Bariadi, na kwamba ningekuwa mtu wa kujulikana anakoishi ningepewa taarifa. Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Kahama, Geita, Mpanda, nimesimamia nyumba za wageni, nimeuza vitenge, nimeandika risiti za watu wengine, na popote nilipokaa nimeondoka kabla ukuta haujazoea kivuli changu. Kabula akaniambia na jambo jingine, kwa sauti ile ile ya kutaja bei. Jambo hilo nitalifikia, lakini siwezi kulifikia bila kupita kwenye ule mwaka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kusoma kompyuta miezi mitatu Mwanza, katika chumba chenye mashine sita ambamo mbili tu zilikuwa zikiwaka. Ushirika ulikuwa umelegea, na kampuni za watu binafsi zilikuwa zinaingia usukumani kununua pamba, kila moja na rangi ya magari yake na ahadi zake. Moja ikanichukua kwa ajili ya ofisi yake ya Bariadi, mji ambao wakati huo ulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Niliposhuka na begi langu, mzee mmoja mwenye kofia ya pama alikuwa ananisubiri na baiskeli. Akafunga begi kwenye kibebeo, akaniambia yeye ni karani wa ofisi, anaitwa Ndaki, na kwamba binti wa watu hawezi kupanga chumba peke yake katika mji asioujua, kwa hiyo nitakaa kwake, nitalala chumba kimoja na binti yake Kabula, na chakula nitakula na wao. Tulitembea hadi nyumbani kwake akisukuma baiskeli na kunionyesha nyumba za watu. Nimelifikiria sana lile begi. Alilibeba kabla hajajua nimekuja kufanya nini.

Siku iliyofuata tulijua wote wawili. Meneja wetu, Bwana Mshana, alikuwa mtu wa Dar es Salaam aliyevaa soksi hadi Septemba na aliyeitazama Bariadi kama mtu anayetazama saa. Alitusimamisha mbele ya meza yenye kompyuta, bado ina plastiki yake, akasema kampuni inaingia wakati mpya. Barua zitakuwa barua pepe. Ratiba, anwani za watu, kazi za kila siku, vyote vitakaa ndani ya programu moja, na programu itapiga kengele jambo likikaribia. Mimi nitaiendesha. Mzee Ndaki atanisaidia kuhamisha kumbukumbu zake. Kisha akasema, kama mtu anayetangaza hali ya hewa, kwamba mwisho wa msimu ofisi hii itabaki na karani mmoja, na atakayebaki ni yule ambaye ofisi haiwezi kukaa bila yeye. Mzee Ndaki akavua kofia, akaishika mkononi, akauliza kama kompyuta ifunikwe na kitambaa jioni au iachwe wazi. Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani nimeulizwa swali la kijinga.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mbegu za pamba na mafuta ya jenereta. Upande mmoja, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, zilisimama faili za Mzee Ndaki. Alikuwa amefanya kazi masijala ya ushirika tangu ujana wake, na ushirika ulipomwachisha alikuja na utaratibu wake mzima, kama mtu anayehama na ng'ombe zake. Hakuna karatasi iliyoingia mle ndani bila kupigwa muhuri wa tarehe, kupewa namba, na kulala kwenye faili lake. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni daftari la kukumbushia. Lilikuwa kaunta buku kubwa, kila siku ya mwaka na ukurasa wake, na jambo lolote lenye tarehe aliliandika kwenye ukurasa wa siku moja kabla, kwa wino mwekundu. Asubuhi, kabla hata ya kukaa, alilifungua, akasoma, akaenda kumwambia mhusika, kisha akarudi kuweka alama ya vema pembeni. Nililipekua siku moja hayupo, pamoja na yale ya miaka ya nyuma, nikitafuta kosa. Kurasa na kurasa, miaka na miaka, kila mstari mwekundu ulikuwa na vema yake. Nilichukia. Sijui neno jingine la kusema. Nilichukia kama anavyochukia mtu aliyetumwa kuja kumshinda mwingine akakuta hakuna pa kushika.

Basi nikashika pale pale. Nilimwambia Bwana Mshana kwamba ofisi yenye kumbukumbu mbili ni ofisi isiyo na kumbukumbu, kwamba nikiandika jambo kwenye mashine na mzee akaliandika kwenye daftari, ipo siku yatapishana. Bwana Mshana alipenda maneno ya namna hiyo. Akalichukua daftari, akalifungia kabatini kwake. Mzee Ndaki alisimama akalitazama lile kabati, kisha akanigeukia mimi, si meneja, akaniuliza kwa utaratibu, "Jenereta likizima, nani atamkumbusha anayekumbusha?" Nikamwambia mashine ina betri ndani, haipotezi tarehe. Ilikuwa kweli, na nilijua kabisa kwamba hakuuliza hivyo.

Jioni tulirudi nyumba moja. Hili ndilo watu hawanielewi nikilisimulia. Tuligombana mchana kutwa bila kupaza sauti, yeye akidai kila barua pepe ichapwe, ipigwe muhuri na ipewe namba, mimi nikimjibu kwamba ndani ya mashine barua haizeeki, halafu jioni tulinawa mikono kwenye beseni moja. Mkewe, Mama Kabula, alipika ugali wa mtama na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na asubuhi uji, au michembe ya viazi iliyochemshwa hadi maji yake yakawa matamu. Aliniita ng'wanone, mwanangu. Mzee aliniita mayu, kama wanavyoitwa mabinti kwetu kwa heshima, kana kwamba ni mama zetu. Jumapili moja mchana, nikisuuza vyombo nyuma ya jiko, nilimsikia Mama Kabula akimuuliza mumewe kwa Kisukuma kwa nini wanamlisha mtu anayewatoa tonge kinywani. Mzee akajibu kwamba kazi ni ya ofisini na chakula ni cha nyumbani, na kwamba mgeni hanyimwi ugali kwa sababu ya meza ya mzungu. Mama akasema, "Haya, lakini na yeye anajua kusoma. Asome basi." Niliendelea kusuuza sahani ile ile.

Ofisini mambo yangu yalinyooka. Mara mbili kwa siku nilipiga simu ya Mwanza kupitia mashine, ikalia kama paka wawili ndani ya debe, na barua zikashuka. Nilipenda kuweka vitu mahali pake: folda za vituo, folda za magunia, majina ya mawakala na namba zao, rangi nyekundu kwa la haraka na bluu kwa lisilo na haraka. Tatizo lilikuwa watu. Mji ulijua haraka kwamba kwenye ofisi ya pamba kuna anwani inayofika popote, na watoto wa watu walioko Dar, Arusha na migodini wakaanza kuitumia. Kila barua za kampuni zilipokuwa zikishuka, zilishuka na salamu. Kuna waliokuja kusimama mlangoni kuuliza kama "ile simu ya kuandika" imesema chochote. Bwana Mshana akaniagiza nikomeshe. Programu ilikuwa na njia ya kuipa amri: barua ikiingia, itazame kichwa chake, ifanye hivi au vile. Nikaiamuru kwamba barua yoyote isiyo na neno PAMBA kwenye kichwa ifutwe bila kusomwa, na yenye neno hilo iingie kwenye folda ya Pamba, ambayo Mzee Ndaki alikuwa ameachiwa kuchapa nakala zake kwa ajili ya faili, maana makao makuu nayo yaliogopa kuishi bila karatasi. Watu mlangoni wakapungua, kisha wakakoma. Nilijipongeza. Niliona Mzee Ndaki akiondoka na baiskeli kila siku baada ya chakula cha mchana, na bahasha kifuani, nikadhani anatafuta kazi kwingine. Nikajipongeza na kwa hilo.

Makao makuu walituma ratiba ya msimu mzima, ukurasa mrefu, Mzee Ndaki akauchapa, nami niliingiza kila mstari kwenye kalenda ya mashine. Mstari mmoja ulihusu mizani. Watu wa vipimo wangekuwa Maswa Jumanne moja tu, na mizani ya vituo vyetu vyote vya Lalago ilitakiwa ipelekwe siku hiyo ikakaguliwe na kugongwa muhuri. Mizani isiyo na muhuri ingefungwa. Ilikuwa bado wiki tatu. Nikaandika, nikaweka kengele ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, nikasahau. Nasema nikasahau, lakini si kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimejifundisha. Mtu mwenye mashine, niliwaambia wenzangu, hana haja ya kubeba vitu kichwani kama mtu anayebeba kuni.

Jumatatu hiyo naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Tulikuwa kwenye mkeka, mimi, Kabula na mzee, uji ukiwa bado unatoa moshi. Mama Kabula alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Mzee Ndaki alikuwa ameshika bakuli lake kwa mikono miwili na hakuwa anakunywa. Akaniuliza, "Leo una kazi gani, mayu?"

Wiki hiyo nilikuwa nimechoka naye. Nilikuwa nimemsikia akimweleza jirani kwamba mimi najua kufungua mlango lakini sijui kuna nini chumbani. Nikamjibu, "Mashine itaniambia nikifika."

"Na isipokuambia?"

"Basi hakuna."

Kabula alicheka kidogo kwa kuogopa. Mzee alikunywa uji wake wote kwa mfululizo, akaweka bakuli chini, akavaa kofia, akatangulia kuondoka. Kwa kawaida tuliondoka pamoja.

Jenereta halikuwaka asubuhi ile. Dereva alilivuta kamba hadi akavua shati, kisha akasema ni kifaa fulani kimeungua, fundi atoke Maswa. Bwana Mshana alikuwa Mwanza. Mimi nilikaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta siku nzima, nikipanga kalamu. Mzee Ndaki alikaa mbele ya faili zake, mgongo kwangu, akizipangusa vumbi moja baada ya nyingine. Jumanne ikapita hivyo hivyo. Jumatano mchana akaingia wakala wetu wa Lalago, amepanda lori la ng'ombe, vumbi hadi kwenye kope. Alisema watu wa vipimo walisubiri mizani Maswa, haikuja, leo wamepita vituoni na kufunga kila mizani. Alisema wakulima waliokuwa wamelala pale na mikokoteni ya pamba wanageuza maksai kwenda kwa kampuni ya jirani, na kuna mama mmoja amekaa juu ya mzigo wake analia kwa sababu maksai si wake, wa kuazima, na ilibidi warudi jana. Alimuuliza Mzee Ndaki, "Mzee, wewe uliye hapa? Wewe?" Mzee hakugeuka.

Alhamisi fundi alikuja, na Bwana Mshana alirudi saa ile ile. Alisimama katikati ya chumba akiuliza, bila kupiga kelele, ni nani katika ofisi hii alikuwa na kazi ya kujua kwamba Jumanne ni Jumanne. Nje jenereta likakohoa, likashika. Kompyuta ikawaka. Nilikuwa nimeisimamia kama mgonjwa, na ilipomaliza kujitayarisha, kidirisha kikafunguka katikati ya kioo na kengele ikalia, ting ting, safi kabisa, mbele yetu wote watatu: MIZANI LALAGO, KESHO. Kengele ililia hadi nikaizima kwa mkono.

Nilijua mwisho wa msimu umefika mapema, na kwamba karani atakayeondoka ni mimi. Niliona begi langu likishuka Mwanza. Nikaanza kupekua folda kutafuta ile ratiba, nikitafuta neno lolote la kujishikiza, na kwa mara ya kwanza tangu niitengeneze nikafungua mwenyewe folda ya Pamba, maana barua za kampuni nilizisoma kwenye nakala za mzee. Ilikuwa imejaa. PAMBA/9. PAMBA/22. PAMBA/14. PAMBA/9 tena. Nikafungua moja. "Baba, nimefika Mpanda salama, kazi bado, viatu vinatosha." Nyingine: "Mwambieni shangazi operesheni imekwenda vizuri, ameanza uji." Hapo hapo nikaelewa bahasha, baiskeli, na watu waliokoma kuja mlangoni. Mzee ambaye nilimdhania anajua kubonyeza kitufe cha kuchapa tu alikuwa ameitazama amri yangu, akaona inataka nini, akawapa watu wake. Kila mtu wa mji aliyekuja kwake alipewa namba, aiandikie familia yake, waiweke nyuma ya neno PAMBA, na mashine yangu ikawafungulia mlango kwa heshima. Alikuwa amejenga masijala ndani ya kompyuta yangu.

Nikamgeuzia Bwana Mshana kioo. Nikamwambia mashine imelemewa. Nikasema barua za watu binafsi zimeijaza hadi kengele zimechelewa, kwamba ndivyo zinavyofanya mashine zikijazwa, na kwamba mwenye kuzijaza ni yule pale. Hakukuwa na kweli hata moja katika maneno hayo ila ile ya mwisho, na mtu aliyejua kompyuta kidogo tu angenicheka. Bwana Mshana hakujua. Alivuta kiti, akazisoma zile barua kwa sauti moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kuigiza, viatu vinatosha, ameanza uji, na dereva na fundi waliokuwa mlangoni wakacheka kwa sababu meneja anacheka. Kisha akamuuliza Mzee Ndaki ishirini na mbili ni nani.

Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi. Akasema, "Hiyo ni ya masijala."

"Nakuuliza tena."

"Na mimi nimejibu, bwana."

Nilisubiri ajitetee. Nilisubiri aseme jenereta, aseme daftari lililofungiwa kabatini, aseme nilivyomjibu kuhusu betri. Alikuwa na silaha zote. Hata Bwana Mshana alisubiri. Aliuliza kama ana la kusema. Mzee Ndaki alinitazama muda mrefu, na sura yake haikuwa na hasira, ambayo ningeijua, bali kitu nilichokiita dharau na nikakibeba kwa jina hilo miaka yote. Akasema, "Sina la kusema." Akaweka kofia kichwani, mle mle ndani ya ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Nilirudi nyumbani kwake jioni kwa sababu sikuwa na kwingine. Sahani yangu ilikuwa mezani imefunikwa na kawa. Hakuna aliyenifukuza. Ningependa wangenifukuza. Mama Kabula aliacha kuniita ng'wanone na akaacha kusema nami Kisukuma. Alinisemesha Kiswahili cha ofisini, "Karibu chakula," "Maji ya kuoga yapo tayari," kama ninavyosemesha leo wageni wa nyumba za kulala. Alinipakulia kipande kikubwa kuliko cha Kabula. Walikula wao kwanza, kisha wakaniachia mkeka, na nilikula peke yangu huku nikiwasikia wakinyamaza upande wa pili wa ukuta. Kabula aliondoa godoro lake chumbani akaenda kulala na mama yake. Kuna kushibishwa kunakouma kuliko njaa, na ile nyumba ya mzee ilinishibisha hivyo hadi mwisho wa msimu.

Barua za namba ziliendelea kushuka. Watu wa mbali hawakujua kilichotokea. Bwana Mshana aliniagiza nizifute, na wiki ya kwanza nilizifuta. Kisha ikaja moja, PAMBA/22 tena, yenye mstari mmoja tu kwamba hali ya shangazi imebadilika, mje. Niliitazama asubuhi nzima. Sikujua ishirini na mbili ni nani. Mji mzima ungeweza kuwa ishirini na mbili. Niliichapa, nikaenda nayo nyumbani, nikamkuta Mzee Ndaki anafunga kamba kwenye kitanda, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Nikamwambia nataka kujua ni nani niipeleke. Hakuishika. Akasema, "Masijala imefungwa, mayu," akaendelea na kamba yake. Niliiacha juu ya stuli, karibu na dirisha, nikaingia ndani nikilia kwa hasira. Muda si mrefu nikasikia mnyororo wa baiskeli. Nilipochungulia, stuli ilikuwa tupu. Tangu hapo nilizichapa zote kwa siri na kuziacha pale pale, na kila mara zilichukuliwa, na hatukulitaja jambo hilo hata siku moja. Mimi nilikuwa na mshahara na yeye hakuwa nao, na kazi iliyokuwa inafanyika ilikuwa yake.

Mwisho wa msimu nilipewa barua ya ajira. Nilikuwa mimi ambaye ofisi haiwezi kukaa bila yeye. Nilihama nyumba ile siku ile ile, na misimu miwili baadaye kampuni yenyewe ikafunga virago, ikaiacha kompyuta mezani na kitambaa juu yake, na mimi nikaanza safari zangu. Kila mahali nilipokaa nilijisimulia kisa hiki kwa namna moja: kwamba nilimwonea mtu asiye na kosa, akanidharau kiasi cha kutonijibu. Kuna raha ya ajabu katika kisa cha namna hiyo. Unakuwa mwovu, lakini unakuwa mwovu peke yako, hakuna wa kukugusa.

Sasa nirudi kwenye meza ya dagaa. Kabula alinipimia nilichoomba, akafunga mfuko, hakuniachia. Akasema kwamba baba yake hakuacha daftari hata siku moja. Lile la ofisini lilipofungiwa alinunua jingine, akaliweka chini ya godoro, na ile ratiba ya msimu aliyoichapa mwenyewe aliinakili yote humo, kwa wino mwekundu. Kabla hajafariki alimwomba Kabula alilete, akamfungulia ukurasa mmoja wa Jumatatu. Mizani Lalago, kesho. Pembeni hakukuwa na vema. Akamwambia katika maisha yake yote ya kazi ni mstari huo tu alioujua ukamkaribia akauacha upite. Alitaka nianguke. Alisema asubuhi ile aliniuliza mara mbili tukiwa kwenye uji, na nilipomjibu vile aliona kwamba Mungu mwenyewe ameniziba, basi akanyamaza. Na kwamba aliponyamaza hakunifunga mimi, alifunga mizani za watu na kumliza mama mwenye maksai wa kuazima, ambaye alimtafuta baadaye hakumpata. Ndiyo maana hakujitetea. Karani aliyeijua tarehe akaificha hana la kusema mbele ya meneja wala mbele ya mtu.

Nadhani nilisema kitu, pole au samahani. Kabula alinikatiza. "Sijakuambia ili upumzike," akasema. "Baba amekufa nalo hilo. Nimekuambia ili ulibebe na wewe, nusu yako."

Nikamuuliza kuhusu mama yake. Akasema yupo, Bariadi, nyumba ile ile, macho yamepungua lakini jiko analijua. "Hataki kukuona. Lakini ukienda atakupakulia, unamjua." Kisha akavuta kaunta buku kutoka chini ya meza, lenye majina ya wateja wake wa mizigo, akalifungua kwenye kurasa za mbele ambazo hazijaandikwa, akachomoa kalamu kwenye kilemba. "Sema tarehe," akaniambia. Nikasema nitapita, nikipata nafasi. Mwanamke wa meza ya pili akacheka. Kabula hakucheka. Alisubiri, kalamu juu ya karatasi, jinsi baba yake alivyokuwa akisubiri muhuri ukauke, na mimi ambaye sijampa mtu tarehe kwa miaka ishirini nikataja moja. Akaiandika, na wino ulikuwa mwekundu. Pembeni akaacha nafasi.

Siku yenyewe ni kesho kutwa. Simu yangu ina kalenda na kengele za kila sauti. Sijaiandika humo; nimeibeba kichwani.